Siku Begi Langu Lilipovimba Kigwa

Nimekaa na aibu hii zaidi ya mwaka, na kama watu wangekuwa wanaisimulia ilivyokuwa ningeendelea kukaa nayo kimya, lakini wiki iliyopita nikiwa kwa kinyozi nilimsikia mtu nisiyemjua akieleza kwamba kuna mpiga picha mmoja wa Tabora alipaa angani mbele ya kadamnasi akatua juu ya mti, na kinyozi akacheka mpaka akasimamisha mashine katikati ya kichwa changu. Sikupaa. Nataka hilo lieleweke kwanza. Mengine ni kweli, tena mengine ni mabaya kuliko wanavyosimulia, kwa hiyo kaeni niwaambie mwenyewe.

Naitwa Ramadhani, mtoto wa Gongoni, hapahapa Tabora mjini. Marehemu baba alikuwa fundi magodoro, mimi nikawa mpiga picha: harusi, maulidi, vipaimara, mahafali, na miaka ya karibuni kazi za porini pia, maana warina asali na watu wa misitu nao siku hizi wanataka picha nzuri. Kwa sababu ya hizo kazi za porini, vijana wanaoanza huja kuniuliza kuhusu mabegi, na mimi huwajibu kama sheikh wa mabegi. Nawaambia begi la kamera si begi la nguo. Ndani liwe na vyumba vya sponji, kila lenzi na chumba chake. Mkanda wa kiunoni uwe mpana, kwa sababu mzigo mzito unabebwa na nyonga, mabega yanasaidia tu. Lifunguke ubavuni uchomoe kamera bila kulivua, liwe na koti lake la mvua, na rangi iwe ya vumbivumbi, isiyoita macho ya wezi wala kufukuza ndege. Haya yote nayajua kama ninavyojua jina langu. Naomba mlikumbuke hilo, kwa sababu mtakayoyasikia yatawafanya mdhani sikujua.

Basi ilikuwa Jumanne mchana, mwezi wa saba, nipo dukani nasafisha picha za harusi kwenye kompyuta, simu ikaingiza ujumbe: "Habari Rama. Ni Vero. Bado unapiga picha?"

Nilisoma maneno hayo nikainuka nikaenda kusimama mlangoni, sijui nilikuwa natafuta nini mlangoni, nikarudi nikasoma tena.

Veronika ni binti wa Kigwa, Mkatoliki wa familia ya wakulima, ambaye miaka kumi kabla ya siku hiyo alikuwa akisoma chuo hapa mjini na kukaa kwa shangazi yake muuguzi kule Kitete. Alikuja studio kupiga picha za pasipoti, nikampiga, nikamwambia amefumba macho arudi kesho (hakuwa amefumba), akarudi kesho, na kuanzia hapo kwa karibu miaka miwili tukawa watu wa kusindikizana. Jioni namsindikiza mpaka Kitete karibu na geti la shangazi, yeye anasema giza bado, ngoja nami nikusogeze, ananisindikiza mpaka njia panda, mimi nasema haiwezekani mwanamke arudi peke yake, tunageuka tena, na kuna siku tulienda na kurudi mara nne mpaka muuza mahindi ya kuchoma akatuuliza tumepoteza nini. Hatukuwa tumepoteza kitu wakati huo. Sikuwahi kumwambia neno. Nilijipa sababu kwamba yeye Mkristo mimi Mwislamu, wazee watasemaje, ingawa hakuna mzee hata mmoja aliyekuwa amesema lolote, wala sikuwa nimemuuliza yeyote. Alipomaliza chuo akapanda treni kwenda Dar es Salaam kuendelea na masomo, na mimi nikabaki na barabara ya Kitete, ambayo mpaka leo siwezi kuipita jioni bila kupunguza mwendo.

Nilimjibu kwamba bado napiga (nilichukua saa nzima kuandika maneno mawili), akanieleza. Sasa anafundisha chuoni, na anafanya utafiti juu ya njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi wa Kinyamwezi na pembe za ndovu mabegani kwenda pwani. Watu wengi wameandika habari za wapagazi, akasema, yeye anatafuta habari za wanawake waliobaki nyumbani kuwangoja. Alikuwa anakuja na wanafunzi wake wanane kutembea kipande cha njia kutoka Kigwa hadi Kwihara, siku mbili kwa miguu, na alihitaji mpiga picha. "Nimekufikiria wewe kwanza," akaandika.

Mtu akikwambia hivyo baada ya miaka minane, akili inafanya kazi gani tena?

Sasa, nilikuwa na begi langu la kazi. Lilikuwa jeusi zamani, likawa kijivu, mkanda mmoja umeshonwa kwa uzi wa godoro, lakini lina vyumba vyake vya sponji na linafunguka ubavuni kama ninavyohubiri. Nikalitazama. Ni begi lilelile nililokuwa nalo alipoondoka. Nikaona ataniona nikiwa mahali palepale aliponiacha, na begi lilelile na pengine na viatu vilevile, na mwenzangu amekuwa mwalimu wa chuo. Huo ndio uamuzi wenyewe, jamani. Nikaenda sokoni.

Kwa Mama Shani, muuza mabegi ya mtumba, kulikuwa na begi moja limening'inizwa juu ya mengine yote. Jekundu, lakini jekundu la kung'aa kama pilipili, zipu nzito, mikanda kifuani, mikanda kiunoni, hata mkanda mmoja wa kupitisha katikati ya miguu.

"Hili ni la nini, Mama Shani?"

"La wanaume wa safari," akasema. "Tazama mshono huo. Marobota mangapi nimefungua, sijawahi kuliona la pili."

Nikalivaa. Mgongoni nilihisi kitu kigumu kama chupa kimefichwa ndani ya kitambaa, nikaamua ni cha kunyoosha mgongo. Halikuwa na vyumba vya sponji. Lilifunguka upande wa mgongoni tu, yaani kila ukitaka kitu ulivue lote. Koti la mvua halina, na rangi yake ndege wa Kigoma wangeiona. Kila nilichowafundisha vijana kilikuwa kinakosekana, nami nikajitazama kwenye kioo chake cha kujaribia nguo nikamwona mtu mwingine kabisa, mtu aliyefika mbali. Nikalichukua. Nyumbani nikaviringisha lenzi ndefu ndani ya sweta, kamera ya pili ndani ya kikoi, lenzi fupi nikaitia mfukoni mwa jaketi kwa kukosa nafasi, nikajiambia mimi ni mtu mzima, nitatembea polepole.

Tulikutana Kigwa asubuhi, uwanjani karibu na ofisi ya kijiji. Vero alikuwa ameshafika na wanafunzi wake tangu jana yake. Amenenepa kidogo, amekata nywele fupi, na namna ya kuinamisha kichwa upande anapokusikiliza ni ileile, na ilinibidi nijishughulishe na mikanda ya begi ili nisimtazame sana.

"Rama," akasema. "Umekuwa mtu mkubwa. Nilikuona tangu mbali nikasema nani huyo anayekuja na begi la rubani."

Kifua kikajaa. Nikasema (na hapa ndipo nilipojifunga kamba nyingine), "Hili ni maalumu la wapiga picha. Nililiagiza nje."

"Nje kabisa?"

"Nje kabisa. Kazi za porini zinataka vifaa."

Akanipeleka kwa bibi yake, Bibi Kabula, aliyekuwa amekalishwa kwenye kigoda mbele ya watu wote kwa sababu ya umri wake na kwa sababu ndiye aliyekuwa amempa Vero habari nyingi kuliko mtu yeyote, maana bibi yake yeye Kabula alikuwa mke wa mpagazi. Nikainama, "Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu," akasema, kwa ule utani wa mabibi. "Hilo dude ulilobeba ni chakula?"

"Ni kamera, bibi."

"Ungebeba chakula."

Kulikuwa na watu kama mia hivi. Kwanza ngoma kidogo, halafu tukaongozana sote mpaka nje ya kijiji, mahali penye mawe ambapo wenyeji wanasema wapagazi walikuwa wakitua mizigo na kupumzika. Bibi Kabula akaletwa kwa baiskeli na kigoda chake. Mgeni rasmi, mwalimu mmoja mstaafu aliyevaa suti ya kahawia katika joto lile, akasema maneno mafupi na mazuri, kwamba wapo waliotua mizigo hapa wasiinuke tena, na wapo waliongojwa nyumbani mpaka waliowangoja wakazeeka. Akatuomba tusimame kimya dakika moja.

Watu wakainamisha vichwa. Upepo ukawa unasukuma majani makavu ya miombo. Nikamwona Vero amesimama pembeni ya bibi yake, mkono begani kwa bibi, macho amefumba, safari hii kweli amefumba, na mwanga wa asubuhi unamjia ubavuni, nikajua hiyo ndiyo picha niliyoletwa kuipiga. Lakini nilikuwa mbali, nahitaji lenzi ndefu, na lenzi ndefu iko ndani ya sweta, na sweta liko ndani ya begi ambalo halifunguki mpaka ulivue. Na nilikuwa nimejifunga kila mkanda, pamoja na ule wa miguuni, kwa sababu niliona watu makini hufunga mikanda yote.

Kwenye mkanda wa bega la kushoto kulikuwa na kizipu kidogo, na ndani ya kizipu kishikio. Nilikigundua asubuhi ile nikafikiri ni cha kulegeza mkanda. Nikakivuta taratibu. Hakikuja. Nikakivuta kwa nguvu.

Sijui niueleze vipi mlio ule. Ulianza kama bunduki ukaendelea kama tairi la lori linalotoa upepo, nami nikasukumwa mbele hatua mbili, na nilipogeuza shingo nione kilichonipiga sikuona kijiji tena, niliona kitu cha rangi ya chungwa kila upande. Begi lilikuwa limetoa maputo mawili makubwa, moja kila ubavu, kila moja kubwa kama gunia la mahindi, na yalikuwa yamekwisha kujaa na kukaza kabla sijajua kama nimekufa au niko hai.

Watu mia wakakimbia. Nasema wakakimbia, ngoma zikaachwa, baiskeli zikaachwa, ng'ombe waliokuwa wakichungwa pale jirani wakaingia kwenye shamba la viazi la mtu, mgeni rasmi akalala chini nyuma ya mawe na suti yake ya kahawia. Na mimi, badala ya kusimama, nikaona wajibu wangu ni kuwatuliza, kwa hiyo nikawafuata nikipaza sauti, "Ni begi tu, ni begi tu," na kadiri nilivyowafuata ndivyo walivyozidi kasi, maana walikuwa wanafukuzwa na kitu chekundu chenye mabawa ya rangi ya chungwa kinachosema. Nikajaribu kulivua huku nakimbia. Mkanda wa kifuani ukafunguka, wa kiunoni ukafunguka, wa miguuni ukagoma, begi likashuka likaninasa magotini nikaanguka, nikaangukia puto, puto likanirusha, nikaangukia la pili. Ndipo begi lilipofunguka lenyewe, lenzi ndefu ikatoka ndani ya sweta ikatua kwenye jiwe. Huo mlio mdogo niliusikia vizuri kuliko ule mkubwa.

Aliyebaki mahali pake ni mmoja tu.

"Kaa chini, mume wangu," Bibi Kabula akaniambia kutoka kwenye kigoda chake. "Ukikimbia unaonekana mkubwa zaidi."

Nikakaa chini. Nikamshukuru kwa kutokimbia.

"Ni magoti," akasema. "Nilitaka kukimbia kama wenzangu."

Mgambo wawili wakaja na fimbo, wakalizunguka begi kwanza, kisha mimi, tukaenda ofisini. Mtendaji wa kijiji alikuwa mama mmoja mtulivu mwenye miwani, akatoa karatasi, akakata mstari pembeni kwa rula. Watu waliokuwa wamekimbia sasa walikuwa wamerudi wote na kujaa madirishani. Vero akasimama mlangoni, na nyuma yake bibi yake akawekewa kigoda.

"Kazi?"

"Mpiga picha."

"Kilicholipuka ni nini?"

"Begi, mama."

"Begi halilipuki."

"Hata mimi nilifikiri hivyo."

"Umelitoa wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, Vero akasema kutoka mlangoni, kwa ile sauti ya mtu anayetaka kukutetea, "Mama, huyu ni mtu mwema, ninamfahamu miaka mingi. Begi ameliagiza nje, ni maalumu la wapiga picha."

Mtendaji akaweka kalamu chini. "Nje wapi? Nani alilituma? Kwa sababu kama kitu cha kulipuka kimetumwa kutoka nje, hii si kazi yangu tena, ni ya polisi wilayani, na msafara wenu hauondoki leo."

Nikawatazama wale wanafunzi wanane waliokuja kutoka mbali na mabegi yao madogo yaliyo salama. Nikamtazama Vero. Nikasema, "Sikuliagiza, mama. Ni mtumba. Nimelinunua sokoni Tabora wiki iliyopita. Hata kazi yake siijui."

Dirishani mtu akacheka, akanyamazishwa. Kulikuwa na maandishi madogo kwenye kitambaa cha ndani ya begi, ya lugha ngeni, na mwanafunzi mmoja akayanakili akatoka nayo mpaka penye mtandao, akarudi na jibu: ni begi la watu wanaoteleza kwenye milima ya theluji. Theluji ikiporomoka wanavuta kishikio, maputo yanajaa hewa, yanawafanya waelee juu wasifukiwe.

"Theluji," mtendaji akasema.

"Ndiyo, mama."

Akaandika. "Na kwa nini ulidanganya?"

Nilijua naweza kusema lolote. Naweza kusema ni mazoea, ni ujinga. Lakini nilikuwa nimechoka, vumbi mpaka kwenye meno, na lenzi yangu imepasuka, na sikuwa na kitu kingine cha kulinda. "Nilitaka huyu dada anione," nikasema.

"Akuone vipi? Hana macho?"

"Anione nimefika mahali. Tulipotezana miaka minane."

Mtendaji akaandika muda mrefu. Halafu akasimama, kwa sababu utaratibu ni kwamba maelezo yasomwe kwa sauti kabla ya kusainiwa, akasoma: "Mimi Ramadhani, mpiga picha, mkazi wa Gongoni, naeleza kwa hiari yangu kuwa begi si silaha bali ni mtumba wa kuzuia theluji, na kwamba nilidanganya asili yake kwa sababu nampenda Veronika, binti wa hapa Kigwa, tangu miaka minane iliyopita, na sikuwahi kumwambia."

Madirishani pakawa kimya kuliko ile dakika ya kimya.

"Mama," nikasema, "sikutaja kupenda."

"Ulitaja nini?"

"Nilisema nilitaka anione."

"Kwa miaka minane?"

Nikaitazama karatasi.

"Basi nimeandika kwa kifupi," akasema, akanisogezea kalamu.

Nikasaini. Mngefanyaje? Nilipoinua kichwa, Vero hakuwepo mlangoni. Bibi Kabula alikuwepo, ananitazama kwa makini, bila utani. "Wewe nawe," akasema, "miaka minane." Halafu akaomba ainuliwe.

Tuliondoka Kigwa mchana. Maputo yalitobolewa kwa sindano ya kushonea magunia, kamera zangu nikazifunga kwenye kikoi kama mtu anayebeba mtoto, na lenzi ndefu ikabaki kioo chake kina ufa mmoja kutoka juu mpaka chini. Nilibaki na lenzi fupi tu, ile ya mfukoni. Kwa wasiojua kazi hii, lenzi fupi haisogezi kitu. Ukitaka uso wa mtu, lazima umfuate mtu mwenyewe usimame hatua mbili kutoka kwake. Kwa hiyo siku ile yote mimi niliyetamani kujificha ndiye niliyelazimika kumwendea kila mtu karibu, mmojammoja, nao kila nikiwakaribia wanatazama mikono yangu kwanza kama sitavuta kitu.

Vero nilimwacha wa mwisho. Mwishowe yeye ndiye aliyepunguza mwendo mpaka nikamfikia. Tukatembea kwa mwendo tunaoujua.

"Siku ile stesheni," akasema, "nilikuuliza kama una neno. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Nakumbuka. Nilimjibu, "Safari njema."

"Nilikaa dirishani mpaka treni ilipopita Itulu. Nilisema labda huyu atapanda baiskeli, atakuja kituo cha mbele." Akacheka kidogo. "Nilikuwa mtoto."

"Na sasa?"

"Sasa kuna mtu, Rama. Yuko Iringa. Wazee wameshapokea posa."

Nikasema ni vizuri. Nikasema anaonekana ana furaha. Kisha nikajisikia nikisema, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Lile aliloliandika mtendaji ni kweli. Hakukosea hata neno."

"Najua," akasema. "Sasa ninajua mimi na Kigwa nzima." Akasimama katikati ya njia, akajipangusa vumbi usoni kwa ncha ya kitenge. "Nipige basi. Hujanipiga."

Nikasimama hatua mbili mbele yake nikampiga. Hakufumba macho.

Tuliingia Kwihara kesho yake alasiri, miguu imetoka malengelenge, wanafunzi wakapanda gari lao, Vero akanipa mkono kama mtu anayempa mkono mfanyakazi aliyefanya kazi vizuri, akaushika sekunde moja zaidi ya inavyohitajika, wakaondoka. Picha nilimtumia zote. Zilikuwa nzuri, naambiwa ni nzuri kuliko nilizowahi kupiga, nadhani ni kwa sababu ya ule ukaribu.

Miezi mitatu baadaye akaniandikia tena. Harusi ni Kigwa, mwezi wa kumi na mbili, na hakuna mpiga picha mwingine anayemwamini, je nitakuja? Ramadhani wa zamani angejibu "Hongera, nitakuja," angekwenda, angepiga, angetabasamu, angerudi nyumbani akaumwa wiki mbili. Nilimjibu palepale, sikwenda hata kusimama mlangoni: "Vero, siwezi. Itaniuma sana. Nakutakia heri." Akachukua muda, akaandika, "Asante kwa kuniambia."

Tangu siku ile nimeapa mambo mawili. La kwanza ni la kazi: sitanunua begi bila kwenda na mzigo wangu wote, niupakie, nilivae, nizunguke nalo sokoni nusu saa, nifungue kila zipu na kuuliza kila kamba ni ya nini, hata muuzaji akinichoka. La pili ni kwamba nikiwa na neno kwa mtu nitalisema nikiwa nimesimama mbele yake, lisisubiri mpaka liandikwe na mtendaji wa kijiji na kusomwa mbele ya kadamnasi. Na hilo la pili, wenzangu, ni gumu kuliko la kwanza, kwa sababu mtu wa kumwambia hapatikani sokoni.

Jumamosi ya harusi yake nilikuwa Lusu, Nzega, kwenye ubatizo wa pacha wa familia moja ya Wamoraviani. Kazi ilikwenda vizuri. Karibu saa sita, saa ambayo nilijua misa ya Kigwa itakuwa inatoka, nilijikuta nimegeuka kusini, kamera imening'inia, natazama mashamba ya watu ambayo hayakuwa na chochote cha kupigwa picha.

"Kaka," mama wa wale pacha akaniita kwa upole, "tuko tayari."

Nikawaomba radhi, nikasogea hatua mbili, nikawapiga.